Barua ya Utambulisho

Mama mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni Pangani, vyumba saba na mwembe mmoja, alinitumia ujumbe wa WhatsApp saa tano usiku. Mimi ndiye niliyemtengenezea tovuti, na kwa desturi ya kwetu fundi akishakupigilia mlango, hata bati likivuja unamwita yeye. Alikuwa ameipiga picha skrini ya kompyuta kwa simu, picha imelala ubavu, na chini yake kaandika: “Mwanangu, hawa wanauza viungo 500 kwa dola 40. Pilau la watu wangapi hilo?”

Niligeuza simu nikasoma. Ilikuwa barua pepe ya mtu aliyejiita mtaalamu wa masoko ya mtandaoni. Alimwambia mama kwamba ameikagua tovuti yake na kukuta kasoro kubwa, ila asihofu, kwa dola 40 atamletea viungo 500 na ndani ya siku 30 atakuwa ukurasa wa kwanza wa Google. Viungo hivyo havikuwa iliki wala mdalasini. Zilikuwa linki, yale maneno ya buluu ambayo ukiyabonyeza yanakutoa tovuti hii na kukupeleka ile.

Mama hakuwa anachezewa akili bure, maana shida yake ilikuwa ya kweli. Ukitafuta mahali pa kulala Pangani unakutana kwanza na makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yanayouza vyumba vya dunia nzima, kisha hoteli za ufukweni zenye bwawa la kuogelea, kisha makala za wasafiri waliopita miaka kumi iliyopita. Yeye alikuwa ukurasa wa tatu. Ukurasa wa tatu wa Google ni kama fremu ya duka iliyo nyuma ya choo cha stendi: ipo, kodi unalipa, mteja hafiki.

“Shikamoo mama. Usilipe,” nilimjibu.

“Marahaba. Kwa nini nisilipe?”

Nilimpa jibu fupi kwa kuwa usiku ulikuwa umeenda. Jibu refu ndilo hili, na sehemu yake kubwa haimhusu mama wala yule muuzaji. Inatuhusu sisi tunaoandika na kuchapisha kwa Kiswahili.

Zamani za intaneti, mashine za kutafutia zilihesabu maneno. AltaVista, iliyofunguliwa Desemba 1995 na kupendwa na kila aliyekuwa na kompyuta, ilikuwa na nguvu ya kusoma mamilioni ya kurasa, lakini kupanga ipi ije mbele ilikuwa kazi ngumu kwake. Mwenye hoteli aliyetaka kuonekana aliandika neno “hoteli” mara mia tatu chini ya ukurasa, herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe. Msomaji haoni kitu, mashine inaona hoteli tupu. Yaani kila mtu alijisifu mwenyewe, na anayejisifu kwa sauti kubwa ndiye aliyesikika.

Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Stanford, wanafunzi wawili wa shahada ya uzamivu, Larry Page na Sergey Brin, walianza mradi walioupa jina la BackRub. Waliacha kuuliza ukurasa unajisemaje, wakauliza wengine wanausemaje. Wazo lenyewe lilikuwa kongwe kuliko kompyuta zao. Wasomi wana adabu ya kutaja waliowatangulia, na mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza ziwekwe faharasa za nani kamtaja nani katika makala za sayansi. Faharasa yake ilianza kuchapwa 1964. Makala inayotajwa na wengi, hasa na wazito, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na kitu ndani yake. (Wasomi nao walijua kutajana kwa zamu, wewe nitaje mimi nikutaje. Hilo tuliweke akiba.) Page na Brin walisema linki ni namna ya kutaja, basi tuzihesabu. Hawakuwa peke yao; Robin Li, ambaye baadaye alianzisha Baidu ya China, alikuwa na mashine yake ya kupanga kurasa kwa linki mwaka huo huo wa 1996.

Msomaji wa Tanzania hahitaji hesabu kuielewa PageRank, kama walivyoiita. Ameshapanga foleni ofisi ya serikali ya mtaa. Ukitaka kufungua akaunti benki, kuomba kazi ya ulinzi au kumtoa ndugu kwa dhamana, unaambiwa leta barua ya utambulisho. Barua ile haielezi mengi juu yako. Inaeleza nani amekubali kugonga muhuri wake kando ya jina lako. Uzito wake unategemea aliyeiandika, na uzito wa aliyeiandika unategemea waliomwamini yeye. Tena, mtendaji anayegonga muhuri kwa watu watatu kwa wiki hafanani na yule anayegonga kwa 300 kabla ya saa sita mchana. Karatasi ya huyu wa pili benki wanaipokea huku wakiangaliana. Hata hilo limo ndani ya hesabu ya PageRank: ukurasa unaigawa hadhi yake kwa kurasa zote unazozielekeza, kwa hiyo anayeelekeza kwingi anampa kila mmoja kidogo.

Page na Brin wenyewe waliieleza kwa mfano wa mtu anayezurura. Mweke Kariakoo. Kila duka analofika anaelekezwa duka jingine, naye anakwenda. Katika safari 100, anafuata maelekezo mara 85 hivi. Mara 15 zilizobaki anachoka, anadandia daladala yoyote na kushuka popote. Mwache azurure bila kikomo. Duka atakalojikuta amesimama mlangoni mara nyingi kuliko mengine ndilo lenye hadhi ya juu. Mwaka 1998 walichapisha makala yao na kufungua kampuni. Stanford, iliyokuwa na hataza ya uvumbuzi huo, ilipewa hisa, ikaja kuziuza kwa dola milioni 336. Si haba kwa adabu ya kutajana.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuja Desemba 2000. Google ilitoa upau wa zana wa kubandika kwenye kivinjari, na ndani yake kulikuwa na mstari wa kijani ulioonyesha hadhi ya kila ukurasa kwa namba, 0 mpaka 10. Ukishakipa kitu namba hadharani umekitundikia bei. Linki kutoka ukurasa wa namba 7 ikawa ghali kuliko ya namba 4, madalali wakajitokeza, na kila mwenye tovuti akajua muhuri wake unauzwa shilingi ngapi. Dalali mmoja wa Oklahoma, SearchKing, alishushwa namba na Google, akaishtaki mwaka 2002. Mwaka uliofuata jaji aliitupa kesi akisema namba ile ni maoni ya Google, na maoni yanalindwa na katiba ya Marekani. Mstari wa kijani uliondolewa kabisa 2016. Soko halikujali. Lilikuwa limeshahamia kwenye vipimo vya makampuni mengine, vya 0 mpaka 100, ambavyo si vya Google hata kidogo. Barua pepe aliyotumiwa mama ilijisifu kwa vipimo hivyo hivyo.

Katikati ya hapo kulikuwa na jaribio moja la kiungwana. Januari 2005, Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana juu ya alama ndogo ya kuchomeka ndani ya linki, nofollow, ambayo kwa Kiswahili cha mtaani ni kusema: namwonyesha njia, ila simdhamini. Baadaye matangazo ya kulipia nayo yalitakiwa yavae alama hiyo. Kununua tangazo si kosa. Kosa ni kulificha ndani ya barua ya utambulisho.

Aliyelifanya kosa hilo mbele za watu ni J.C. Penney, duka kubwa la Marekani. Mwishoni mwa 2010, msimu wa sikukuu, ukitafuta magauni kwa Kiingereza ulikutana nao wa kwanza. Matandiko, wao. Mazulia, wao. Hata ukitafuta masanduku ya safari ya Samsonite kwa jina, Penney walikuwa juu ya Samsonite mwenyewe. Gazeti la New York Times lilimpa mtaalamu mmoja kazi ya kuchimba, na Februari 2011 likachapisha alichokuta: kurasa 2,015 zilizotapakaa mtandaoni, zikiwa na linki za maneno kama “gauni jeusi” au “magauni ya jioni”, zote zikielekea Penney. Kurasa zenyewe zilikuwa za kila aina isiyohusu nguo. Zilikuwepo za wanaokoroma usingizini, za madaktari wa meno, za uhandisi wa nyuklia, za kamari. Nyingine zilikuwa tovuti zilizotelekezwa, hakuna anayeishi ndani, linki tu zimejaa kama popo kwenye dari.

Hapo ndipo ninapopenda kusimama. Jaribu kuwaza daktari wa meno anayemwambia mgonjwa aliyefumbua kinywa: ukitoka hapa, kwa magauni ya jioni nenda duka fulani. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema hivyo, na hicho ndicho kipimo chote. Hakihitaji hesabu ya Stanford. Je, mtu angelisema jambo hili kama asingelipwa?

Penney walisema hawakujua, wakaachana na kampuni iliyokuwa ikiwashauri. Google iliwaadhibu kwa mkono, siyo kwa hesabu. Jioni moja saa moja, kwa saa za New York, walikuwa wa kwanza kwa masanduku ya Samsonite. Saa tatu usiku walikuwa wa 71.

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2012, Google iliacha kutegemea mkono pekee na kuachia mabadiliko iliyoyaita Penguin, yaliyowinda linki za kununua kwa mkupuo. Biashara ndogo nyingi duniani ziliamka hazipo. Wengine walikuwa wametapeliwa na washauri wao, wamelipa miaka miwili kununua kamba ya kujinyongea. Oktoba mwaka huo Google ikatoa chombo cha kuzikana linki: unapeleka orodha na kusema hawa siwajui, barua zao zisihesabiwe kwangu. Nimewahi kukaa na mteja tukiandika orodha hiyo usiku kucha. Alilipa mara ya kwanza kuzileta, akanilipa mimi kuziondoa.

Kisa cha Interflora ndicho ambacho wahariri wenzangu wangekibandika ukutani. Hawa ni wauza maua wa Uingereza. Februari 2013, siku chache baada ya Siku ya Wapendanao, walitoweka Google hata ukiwatafuta kwa jina lao. Walikuwa wamelipia makala za matangazo kwenye magazeti mengi ya mikoani, zenye linki zisizo na ile alama. Baada ya siku 11 walirudi, kwa kuwa ni wakubwa na Google isiyomwonyesha Interflora kwa anayemtafuta Interflora inajiaibisha. Lakini magazeti yale nayo yalishushwa namba, na sikumbuki aliyeyalilia. Yalikuwa yameuza kitu ambacho wasomaji waliyapa bure: neno lao kuaminika.

Google nayo isijifanye malaika. Januari 2012 iligundulika kwamba kampeni ya kutangaza kivinjari chake yenyewe, Chrome, ilikuwa imelipia makala, na ikalazimika kuushusha ukurasa wa Chrome kwa siku 60. Na Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Kwa hiyo mtendaji wa mtaa huu wa dunia nzima ni mfanyabiashara mwenye duka lake mtaani hapo hapo. Nalijua hilo. Bado nikipewa kuchagua kati ya mashine inayouliza nani anakujua na ile inayouliza unajisifu mara ngapi, nitakwenda na ya kwanza.

Turudi huku. Miaka michache iliyopita niliitwa na chuo kimoja cha umma. Malalamiko yao: mtu akilitafuta jina la chuo Google, chini ya jina kunatokea maelezo ya lugha isiyoeleweka. Nilifungua ukurasa wa mwanzo, kila kitu salama. Picha ya mahafali, majoho ya buluu, tangazo la ada, salamu za mkuu wa chuo. Nikafungua msimbo wa ukurasa. Chini kabisa, ndani ya kisanduku kilichosukumwa pikseli 9,999 kushoto kwa skrini, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, kulikuwa na linki zaidi ya 200. Zote za kamari, zote kwa Kiindonesia, neno “slot gacor” likijirudia kama sauti ya muadhini aliyekwama.

Balaa hili limezikumba tovuti za serikali na vyuo katika nchi nyingi, Indonesia yenyewe ikiwemo, na sababu ni ile ile. Anwani inayoishia na .ac.tz au .go.tz haipewi mtu yeyote, hivyo ina heshima, na heshima inahamishika kwa linki. Wale jamaa wa kamari walivunja ofisi ya mtendaji usiku. Hawakuiba kompyuta, hawakugusa fedha. Waligonga muhuri kwenye barua zao 200, wakafunga mlango taratibu wakaondoka. Waliingilia kwenye programu-jalizi ambayo haikuwa imesasishwa miaka mitatu. Nilipomweleza mkuu wa kitengo aliitazama ile picha ya mahafali akasema: “Lakini tovuti si inafanya kazi?”

Chuo angalau kiliibiwa. Sisi wengine tunauza wenyewe. Mwenye blogu yoyote ya Kiswahili yenye wasomaji wa kutosha anaifahamu ile barua pepe: tuna makala ya bure kwa ajili yako, yenye ubora, tunaomba tu linki moja au mbili ndani yake. Linki inakwenda kwenye kubeti. Makala ni ya “faida kumi za kunywa maji ya uvuguvugu”. Nimewahi kuulizwa bei, na sitasema sikupiga hesabu ya ada ya shule kichwani kabla ya kukataa.

Hayo ni ya kununua na kuuza, nayo yana dawa zake. Linaloniuma zaidi halijadiliwi popote. Sisi waandishi wa Kiswahili tunanyimana.

Chukua habari yoyote ya gazeti letu mtandaoni. “Kwa mujibu wa mtandao mmoja.” Mtandao upi? “Ripoti iliyotolewa hivi karibuni inaonyesha.” Iko wapi hiyo ripoti, nami niisome? Chini ya picha: “Picha: Mtandao.” Mtandao haujawahi kushika kamera. Picha ile ameipiga kijana wa Singida aliyesimama juani kwa saa tatu, ana blogu yake, na linki moja kutoka kwako ingemfaa kuliko zile 500 za dola 40. Mhariri ukimuuliza anakuambia akiweka linki msomaji ataondoka. Msomaji ataondoka kwa vyovyote, ana nyama jikoni. Swali ni kama atarudi kwa mtu aliyemwelekeza vizuri au kwa aliyemfungia mlango.

Kwa mashabiki wa mpira, kiungo ni yule wa katikati, anayepokea mpira na kuutoa kwa mwenzake aliyekaa vizuri zaidi. Mtandao wetu ni timu ya washambuliaji kumi na mmoja, wote wamesimama kwenye boksi wananyoosha mkono.

Haikuwa hivi mwanzo. Blogu za Kiswahili zilipoanza, miaka ya mwanzo ya 2000, Ndesanjo Macha na Jikomboe yake wakiwa miongoni mwa waliotangulia, desturi ilikuwa kuweka pembeni mwa ukurasa orodha ya blogu za wenzako. Ulisoma moja, ukashuka pembeni, ukaingia nyingine, ukajikuta saa nane usiku uko Mwanza kwa mtu usiyemjua akibishana na mtu wa Uswidi juu ya Mwalimu. Kisha tulihamia Facebook, na Instagram ambako linki ya kwenye maelezo ya picha haibonyezeki na kila mtu anasema linki iko kwenye bio, na status za WhatsApp, ambako alichosema mtu kinakufa baada ya saa 24. Halafu zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizotaka mwenye blogu Tanzania awe na leseni. Ukijumlisha ada za kuanzia ilikuwa kiasi cha shilingi milioni 2.1. Hata JamiiForums ilisimama kwa muda Juni mwaka huo. Wakubwa walirudi. Mwalimu aliyekuwa akiandika juu ya vitendawili vya Kihaya hakurudi, na blogu ikifa, kila linki iliyokuwa ikitoka kwake inakufa nayo. Nimebofya orodha nyingi za pembeni za zama zile. Ni kama kupita mtaa uliovunjwa kupisha barabara, vibao vya majina vimebaki.

Matokeo yake nayaona kila siku kazini. Nilimsaidia mkulima mmoja kutafuta habari za ugonjwa wa batobato ya mihogo kwa Kiswahili. Kilichokuja juu ni tovuti ya kigeni, imetafsiriwa na mashine, mhogo ukiitwa “mizizi ya wanga” na shamba likiitwa “uwanja”. Maelezo mazuri ya bwana shamba wa Kitanzania yalikuwepo. Niliyakuta baadaye, kwenye faili la PDF ambalo hakuna ukurasa hata mmoja nilioukuta umelielekeza. Hakuwa na barua ya utambulisho. Tulikuwa tumemnyima wote, kwa pamoja, bila kukaa kikao.

Wapo wanaoniambia haya yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi watu wanaiuliza akili mnemba na kupewa jibu bila kubofya popote. Huenda. Lakini mashine hizo nazo zinakula kilichoko mtandaoni na zinahitaji namna ya kumjua wa kuaminika, na sioni kwa nini zitamwona yule bwana shamba ikiwa hata sisi jirani zake hatujawahi kumtaja.

Mama wa Pangani hakulipa zile dola 40. Badala yake tulikaa chini ya mwembe nikamuuliza wageni wanamuuliza nini zaidi. Hakufikiri: “Maji ya Maziwe.” Maziwe ni fungu la mchanga baharini, mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti na kasa wakitaga. Leo maji yakijaa kinazama, yakipwa kinatokeza, na mgeni asiyejua saa anafika kukuta bahari. Tukamwita nahodha anayepeleka watu. Akatueleza bamvua na maji mafu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku ambazo mchanga unakaa wazi saa nyingi na siku ambazo usijisumbue. Tukaweka ukurasa mmoja, kalenda ya kila mwezi, kwa Kiswahili na Kiingereza, pamoja na onyo lake kuhusu upepo wa kusi. Nahodha alidai jina lake liandikwe kwa herufi kubwa.

Haikuwa miujiza. Miezi minne hakikutokea kitu. Kisha mzamiaji mmoja wa Ujerumani aliuweka ukurasa ule kwenye makala yake ya safari. Mwalimu wa jiografia wa Tanga akauweka kwenye somo la kupwa na kujaa. Kufikia mwezi wa tisa zilikuwa linki kumi na moja, na mama alikuwa wa saba ukurasa wa kwanza, chini ya makampuni yale yale. Hakufurahi sana. Alitaka kuwa wa kwanza.

Safari yangu ya mwisho kule nilimwomba jambo dogo. Wageni wake wengi, vyumba vikijaa, huwapeleka kwa jirani mwenye mahema upande wa Ushongo. Anawapigia hadi bodaboda. Nikamwambia tuweke linki ya huyo jirani kwenye tovuti.

“Nimtangazie mwenzangu bure?” Alishusha kikombe. “Mwanangu, wewe uko upande wa nani?”

“Si unampelekea wageni, mama?”

“Kwa mdomo. Mdomo haubaki.” Akanyamaza, akafukuza kuku. “Yeye kaniweka?”

Sikuwa nimetazama. Nilifungua simu pale pale, mtandao ukasuasua, ukurasa wa jirani ukafunguka nusu nusu. Chini kabisa, kwenye sehemu ya maelekezo ya kufika, kulikuwa na mstari mmoja: tukijaa, lala kwa mama huyu, chakula chake kizuri. Jina la nyumba lilikuwa limekosewa herufi mbili, na linki ilikuwa ya kweli. Ukurasa haukuwa umeguswa kwa karibu miaka miwili.

Nikamgeuzia simu. Alisoma akiwa ameisogeza mbali na macho, kisha akaisogeza karibu.

“Mwambie arekebishe hilo jina,” alisema. “Halafu mweke. Andika na kwamba kwake kuna mbu.”